Maji Yaliyokosa Jina

Nasikia mmeanza masta na tayari mnaogopa utetezi wa tasnifu. Mnaogopa nini? Utetezi ni asubuhi moja tu, tena mkimaliza mnakunywa soda na sambusa. Cha kuogopa ni ile miezi kabla yake, pale unapokaa na mlinganyo wako, unajua kabisa kuna kitu humo ndani hakijakaa sawa, halafu unajifanya hujakiona. Mimi nimesimamia wanafunzi wa hisabati tumizi, yaani ile hisabati inayotoka darasani ikaenda kupima mvua, magonjwa, foleni na mpunga, wengine Iringa na wengine hapa Mbeya, mpaka magoti yakaanza kulalamika kwenye ngazi. Sasa nimestaafu, nipo zangu mtaa wa Soweto, hapa hapa Mbeya, na kuku wangu, na mkuu wenu wa idara ameniomba niwaandikie jambo la kuwafaa. Nikamwambia sina hotuba. Nina visa tu. Akasema visa ndivyo vinavyotakiwa.

Haya. Nianze na kijana mmoja wa Kihehe, Mgaya. Kichwa kweli kweli, lakini ana haraka kama mtu aliyeacha maharage jikoni. Alikuwa anatafiti mvua na mahindi upande wa Idodi, kwenye barabara ya kwenda hifadhini. Akaniletea grafu ya rangi, imepinda vizuri, imepambwa. Nikaitazama namba ya chini kabisa, nikamwuliza, "Mgaya, haya maji yamesimama shambani kina gani?" Akasoma. Nikamwambia, "Kwa hesabu yako Idodi yote imezama, na tembo wanaogelea kuja Iringa mjini kutafuta hifadhi." Alikuwa amechukua mvua kwa milimita na shamba kwa mita, akazidisha kama vile ni ndugu. Unajua alinijibu nini? "Lakini grafu ni nzuri, Madam." Nilicheka mpaka katibu muhtasi akaja kuchungulia. Jamani, grafu nzuri! Tangu siku ile mwanafunzi wangu hakuruhusiwa kuandika herufi yoyote kwenye mlinganyo bila kuandika pembeni kipimo chake. Huwezi kujumlisha debe na kilomita, na kompyuta haitakukataza. Itajumlisha tu na kukupa jibu kwa heshima zote.

Mzee aliyenifundisha mimi kazi hii alikuwa na tabia moja iliyoniudhi sana ujanani. Wakati huo chumba cha kompyuta kilikuwa na mashine moja, ufunguo wake kama wa benki, na zamu yako ikifika unakimbia. Yeye anakusimamisha mlangoni. "Kabla hujaiwasha, niambie unategemea jibu gani." Unasema hujui, si ndiyo maana unakwenda kukokotoa? Anasema, "Basi hata likija la uongo utalipokea." Anakurudisha ukakisie kwanza kwa kalamu. Zamu inakupita, unamlaani kimoyomoyo. Leo simu zenu zina programu zinazoandika mlinganyo, zinautatua na kukuchorea, na nyie mnapokea tu. Sikatazi. Ningekuwa na simu hizo nami ningezitumia. Ila kisieni kwanza, andikeni kisio lenu pembeni, ndipo muiulize mashine. Mkiona mmetofautiana sana, mmoja wenu kakosea, na msiwe na haraka ya kudhani ni nyie.

Sasa lile lililofanya wanafunzi waniite Mama Ijumaa. Mama yangu, Mungu amrehemu, aliwahi kuniuliza kwa Kinyakyusa huko nyumbani, "Mwanangu, hasa hasa unafanya kazi gani?" Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Daktari mzima wa falsafa! Nikaona aibu kweli, maana niligundua kuwa vitu vingine nilikuwa navijua kwa Kiingereza tu, na ukivua kile Kiingereza chini hakuna kitu. Basi nilipopata wanafunzi wangu nikaweka utaratibu: kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana mmoja anasimama ubaoni, hakuna kompyuta, ana chaki na dasta, na anatueleza kazi yake yote kwa Kiswahili. Na lazima awepo mtu mmoja asiye wa hisabati. Mara nyingi alikuwa mama wa kantini, kwa sababu muda ule hana wateja na anapenda kukaa. Waliichukia Ijumaa ile kama sindano. Lakini mficha uchi hazai, na ubaoni huna pa kuuficha.

Hapo ndipo nafika kwa Kabula, maana ndiye niliyetaka kuwasimulia tangu mwanzo.

Kabula alikuwa mwalimu wa hesabu sekondari ya kata, amekuja masta akiwa mtu mzima, ameacha mtoto kwa dada yake. Binti wa Kisukuma. Baba yake alishuka na ng'ombe zake kutoka kaskazini zamani, wakaweka makazi bonde la Usangu, kijiji kimoja upande wa kuelekea Madibira. Kijiji kile kina skimu ndogo ya kumwagilia mpunga. Maji yanaingia kwenye mfereji pale kwenye banio, kizuizi kinachoyageuza kutoka mtoni, yanagawanywa, yanafika kwenye majaruba, vile vipande vya shamba vyenye kingo. Kwa miaka mingi watu wa mwisho wa mfereji walikuwa wanalia kuwa maji hayawafikii. Kabula akaamua kulitafiti hilo. Akapima maji yanayoingia banioni na yanayofika majarubani, msimu mzima, amevaa mabuti ya mpira. Akatunga modeli: maji yaingiayo, toa yanayonywewa na udongo, toa yanayopanda hewani kwa jua, yaliyobaki ndiyo yafike kwa mkulima. Ikawa haifungi. Yanayofika ni machache kuliko hesabu inavyosema.

Alikuja Ijumaa moja modeli imefunga. Mstari wa hesabu na nukta za vipimo vimelaliana safi. Wenzake wakampigia makofi, nami nilifurahi, kwa sababu muda wake ulikuwa unaisha. Alishaongezewa muda, na barua ilikuwa imesema wazi kwamba asipowasilisha tasnifu muhula ule anafutwa. Hakuna masta, anarudi kama alivyokuja.

Akaanza kueleza. Maji, udongo, jua, sawa. Akafika kwenye herufi moja ya Kigiriki iliyokaa mwishoni mwa mlinganyo, gama.

"Na hiyo?" nikauliza.

"Hii ni ya marekebisho, Madam."

"Marekebisho ya nini?"

"Ya modeli."

"Kabula, nikienda kule skimu nikainama na ndoo, hiyo gama nitaichota wapi?"

Mama wa kantini, ambaye alikuwa anasikiliza kwa huruma tu, akasema, "Mwacheni jamani, si ameshapata jibu?" Watu wakacheka. Kabula hakucheka. Aligeuka akautazama ubao, akachukua dasta, akaifuta ile gama taratibu. Akakaa.

Mkitaka kujua kosa la watu wa kazi yetu, ndilo hilo. Fundi seremala akikosea, mlango haufungi, kila mtu anaona. Sisi mlango usipofunga tunaweka herufi, nao unafunga. Tena unafunga kwa heshima.

Jirani wa ofisi yangu alikuwa Dokta Sanga, mtu mwema, sitaki mmwelewe vibaya. Aliposikia akaja na dawa yake. "Mpe hiyo gama jina tu, binti. Andika ni matumizi ya mifugo. Kila mtu anajua ng'ombe ndio wanaomaliza maji Usangu. Lisemwalo lipo." Halafu akaongeza kwa sauti ya kumfariji, "Na wewe ni wa familia ya wafugaji. Ukisema wewe, nani atabisha?"

Kabula akasema, "Ahsante, Dokta." Akatoka.

Jioni akanifuata ofisini. Hakulia. Akaniambia kwamba maji yakipungua kijijini kwao huitishwa mkutano, na wafugaji hukalishwa mbele. Baba yake ameshakalishwa mbele mara nyingi. Akiwa shule ya msingi wenzake walikuwa wanamwambia, ng'ombe wenu wamekunywa mpunga wetu. "Madam, nilikuja kusoma hii kitu kwa sababu hiyo. Nataka niandike kwamba si ng'ombe. Naomba uniruhusu niandike kwamba si ng'ombe."

Niliumia. Ningeweza kumkumbatia nikamwambia andika mwanangu. Lakini ningekuwa nimemdanganya. Nikamwuliza, "Umepima?"

"Hapana."

"Basi hujui. Na Sanga naye hajui. Ukiwapunguzia ng'ombe umekuwa wakili wao, ukiwaongezea umekuwa polisi. Nenda kapime. Na uwapime kwa ukali zaidi kuliko anavyotaka adui yao."

Hii niliyompa ni mbinu, nanyi ichukueni. Kitu usichokijua vizuri, kipe kiasi kikubwa kabisa ambacho mtu mwenye akili zake anaweza kukidai. Kama hata kwa ukubwa huo hakitoshi kuziba pengo, basi umethibitisha kitu, na hakuna wa kukuambia umependelea.

Akarudi kwao. Baada ya wiki akanipigia simu. "Madam, kazi imekwama. Baba hataki kunitajia idadi ya ng'ombe."

Nilijua kabla hajamaliza. Mfugaji wa kweli hataji idadi ya ng'ombe zake. Ni mkosi, na zaidi ya mkosi ni hatari. Mzee Masanja, baba yake, alikuwa amemwambia, "Nikikupa hiyo hesabu leo, kesho watakuja nayo waniambie nipunguze. Wewe ni mwanangu, lakini karatasi yako siyo mwanangu." Na alikuwa na haki. Mimi mwenyewe ningemjibu nini?

Nikamwambia Kabula, "Kwani wewe unatafiti ng'ombe au maji?"

Nikasikia, "Ohoo." Hiyo ohoo, wanangu, ndiyo mshahara wetu.

Hakuuliza tena habari za ng'ombe. Alikwenda pale kwenye mfereji ambapo mifugo hunyweshwa, akasimika mti wenye alama juu kidogo ya pale, na mwingine chini yake. Maji yakipita mti wa juu yana kiasi hiki, yakifika wa chini yana kiasi kile, tofauti imeingia matumboni. Wakiwa kumi au elfu, haimhusu. Nilishuka Usangu kumkagua, joto la kule si la mtu wa Mbeya, nikamkuta amesimama kwenye tope, usoni kachoka, ameungua na jua. Kazi ilikuwa inakwenda, lakini kulikuwa na jambo lililomkera. Wafugaji walikuwa wanaleta ng'ombe kidogo kidogo. Wakiona miti yake, wanapitisha wachache, wengine wanawapeleka kwingine. Kila mtu anaogopa.

Jioni ile tulikaa kwa Mzee Masanja. Mkewe alitukaribisha kwa wali na maziwa ya mgando, na mimi nikala kama sijawahi kula. Mzee alikuwa mrefu, mpole, ana fimbo haitoki mkononi. Kabula akapiga magoti kidogo, akamwambia, "Baba, sikuulizi idadi. Sitaki kuijua. Lakini mkileta wachache, hesabu yangu itakuwa ya uongo, na watu watasema Kabula amewatetea wa kwao. Nitafeli, na nyie mtakaa mbele tena mkutanoni."

Mzee aliniuliza mimi habari za Mbeya, kama viazi vimekubali mwaka huu. Nikajibu habari za viazi, huku nikijua kwamba mwezi uliobaki haukutosha kuanza kitu kingine.

Kesho yake tulikuwa pale mferejini na chai ya kwenye chupa. Vumbi lilitangulia. Kisha nikasikia zile kengele, kisha miguu. Mzee Masanja alikuwa mbele anatembea, na nyuma yake ng'ombe wake wote. Wote. Nyuma yao wa jirani yake, na wa jirani wa jirani, wenyewe wamekubaliana. Walijaa kingo zote mbili, wakainamisha vichwa, na maji yakashuka kwenye ule mti wa chini mbele ya macho yangu. Mzee hakumtazama binti yake. Alisimama kando, mgongo ametugeuzia, kama mtu anayevuliwa shati hospitali. Na Kabula naye hakuwatazama ng'ombe hata mara moja. Macho yake yalikuwa kwenye alama, anaandika. Hakuhesabu. Niliona adabu ile, mtu na baba yake, na nikajipangusa macho kwa ukingo wa kitenge nikisingizia vumbi.

Akachukua siku ile ya kiu kubwa kuliko zote, akaifanya kuwa ndiyo kila siku ya msimu. Ukatili mtupu kwa ng'ombe. Akaingiza kwenye modeli. Ng'ombe wakaziba sehemu ya pengo. Sehemu, naweza kusema, ya kuonekana. Pengo kubwa likabaki palepale, halina jina.

"Sasa nifanye nini na lililobaki?" akaniuliza.

"Liache wazi. Andika hujui."

"Watanifelisha."

"Wanaweza," nikamwambia, na nilimaanisha. Sikulala vizuri majuma yale.

Siku ya utetezi Mzee Masanja alikuja, koti zito, kofia mkononi, akakaa nyuma. Mtahini wa nje alikuwa profesa mmoja mkavu, ana miwani ya kuning'inia, anazungumza taratibu kama anayekupimia nyanya. Alimsikiliza Kabula mpaka mwisho. Kisha akasema, "Modeli yako haifungi."

"Ndiyo, Profesa."

"Na unataka nikupe shahada kwa modeli isiyofunga?"

Nilishika kiti. Kabula akasema, "Iliyofunga ninayo pia, Profesa, ipo kwenye rasimu ya kwanza. Ilifunga vizuri sana. Ila nilishindwa kusema ilikuwa inafungwa na nini."

Profesa akashusha miwani. Akapekua kurasa. "Unatoka familia ya wafugaji?"

"Ndiyo."

"Kwa nini nikuamini kuhusu mifugo?"

"Usiniamini," akasema Kabula. "Chukua siku yao ya kiu kubwa kabisa, uzidishe kwa msimu mzima. Ukitaka ongeza juu yake. Halafu jaribu kuziba." Kisha akaomba ruhusa, akasema kuna watu ukumbini waliohusika na vipimo vile na wana haki ya kusikia walichochangia, akaacha Kiingereza cha utetezi, akaeleza upya matokeo yake kwa Kiswahili, kutoka banioni hadi jaruba la mwisho. Akasema udongo unachukua kiasi gani, jua kiasi gani, ng'ombe kiasi gani. Akasema yaliyobaki hajui yanakwenda wapi, ila anajua hayapo katika hayo matatu. Profesa akachukua kalamu yake, akafanya hesabu pembeni ya karatasi, kwa mkono, mbele yetu sote. Alihesabu muda mrefu. Dokta Sanga, aliyekaa karibu nami, alikuwa ameinamia meza, na naye anahesabu.

"Haizibi," akasema profesa mwishoni, kama anajisemesha mwenyewe.

Walimpitisha, na masahihisho. Tulipiga vigelegele kwenye korido hadi mlinzi akaja. Sanga akamshika mkono Kabula kwa mikono miwili, akamwambia, "Nilikushauri vibaya, mwalimu." Nilimpenda sana siku ile.

Nje, karibu na miti ya misonobari, Mzee Masanja alikuwa amesimama peke yake. Kabula akamfuata, akamsalimia tena upya kama kwamba hawajaonana. Mimi nikabaki nyuma kidogo, lakini masikio yangu ni mazima.

"Umewaambia tunakunywa," mzee akasema.

"Ndiyo, baba. Mnakunywa."

"Mbele za watu."

"Mbele za watu."

Niliogopa. Nilidhani amekuja akitegemea binti yake atawasafisha kabisa, na sasa ameaibika. Mzee akaizungusha kofia yake mikononi. "Miaka yote naambiwa nimemaliza maji," akasema. "Kwa hasira, kwa faini, kwa mikutano. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuja kupima. Hicho kiasi ulichokitaja ni changu. Nimekikubali. Mtu akiniuliza nitamwambia ni changu." Akamwekea binti yake mkono kichwani, na Kabula, ambaye hakulia ofisini wala topeni wala mbele ya profesa, akalia kama mtoto.

Kisha mzee akanigeukia mimi. "Sasa Mwalimu, yale maji mengine ambayo hayakupatikana, wanaoyachukua mtawapima lini?"

Nikamwambia mimi nastaafu, mzee wangu.

Akasema, "Sijakuuliza wewe peke yako."